Mtani Hadaiwi

Fisi na Chui walikuwa watani. Babu zao, inasemekana, waligombania paja la swala misimu mitatu mfululizo, wakaumizana vya kutosha, mpaka wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao na kuona kwamba vita havishibishi. Wakakubaliana kuwa tangu siku hiyo watatukanana badala ya kurushiana makucha, na lolote litakalosemwa au kutendwa kwa utani halitafikishwa barazani. Makabila mengi ya Tanganyika yalizika ugomvi wao kwa njia hiyohiyo, na ni njia ya busara. Ni wapi kwingine utamwona mtu akijitumbukiza kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakafuta machozi ili wapate kucheka?

Mkataba wa wanyama ulikuwa na kasoro moja tu. Wazee walisahau kusema utani unaishia wapi.

Sasa, kipupwe kimoja, masika yalipokwisha na njia za msituni zikakauka, wanyama wa upande wa kusini wa Kilimanjaro walipanga matembezi ya juu. Anayeijua Moshi anajua sababu. Mwezi wa Juni wingu hukaa juu ya migomba ya Uchaggani siku nyingi bila kubanduka, nguo haikauki, kuni zinatoa moshi badala ya moto, na anayetaka kuota jua inambidi alipande hilo wingu mpaka alipite. Wakaondoka Chui, Fisi, Nyani na Pimbi. Njiani wakaungana na Kunguru, yule wa milimani mwenye baka jeupe kisogoni, ambaye hakualikwa lakini hajawahi kukosa shughuli yenye chakula. Mwenyeji wao kule juu alikuwa Bi Pofu, mama wa makamo aliyezoea kupita kila mwaka katika jangwa lililoko kati ya vilele viwili vya mlima, Kibo na Mawenzi, mahali ambapo ng'ombe wa kawaida angekata tamaa kwa kupatazama tu.

Siku za kwanza zilikuwa za raha tupu. Asubuhi sakitu ilikuwa imetanda juu ya nyasi, na vidimbwi vyote vimeganda. Nyani, ambaye hajui kupita jambo bila kuligusa, alikanyaga kidimbwi kimoja akateleza kwa makalio mpaka kwenye miguu ya Bi Pofu. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Kuanzia hapo michezo ikawa ni yao. Nani ataruka kijito bila kulowa? Chui akaruka, akageuka, akaruka tena kurudi. Nani atakwea ile miti mirefu ya kule juu inayojivika majani yake makavu shinani ili baridi isiiue? Chui akakwea, akakaa kileleni akijilamba. Fisi naye akajaribu kijito. Tuseme tu kwamba maji ya kijito kile hutoka kwenye barafu, na Fisi aliyaonja yote.

Wakacheka tena. Aliyecheka muda mrefu kuliko wote ni Fisi mwenyewe, na hapo ndipo mwenye akili angeshtuka, maana kwa mnyama yule hakuna anayeweza kutofautisha kicheko cha furaha na cha kitu kingine.

Jioni walifika kwenye lile jangwa. Jua lilipozama tu, joto lote lilizama nalo. Lobelia zilikunja majani yao, moja baada ya jingine, kufunika chipukizi lisigande; hufanya hivyo kila jioni, na kila asubuhi hufunguka. Bi Pofu akageuza mgongo kwenye upepo. Pimbi akaingia kwenye ufa wa jabali. Chui, mtoto wa msituni, mwenye manyoya ya kutosha kwa ukungu lakini si kwa hili, akatetemeka. Alitetemeka mara moja tu, tena kidogo. Lakini mtani ana macho.

"Mtani," Fisi akasema, "unacheka, au meno yanagongana?"

"Upepo huo."

"Upepo hutikisa majani. Sijasikia ukitikisa wanaume." Akanyoosha pua kuelekea Kibo, ambayo ilikuwa nyeupe juu ya giza. "Mwone mzee yule na mvi zake. Wanasema barafu yake ni tamu ajabu. Mimi ningekwenda kesho, ila unaijua hii miguu yangu ya nyuma, Mungu alikuwa ameshachoka alipofika huku. Wewe umejaliwa. Lakini basi. Ngozi kama yako ni ya kukaliwa na machifu, haikuumbiwa shida."

Chui akanyamaza.

"Wale Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kileleni mwaka 1889," Fisi akaendelea. "Miguu miwili huyu, miwili yule. Jumla minne. Wewe peke yako unayo minne."

"Huyo Meyer alikuja pia mwaka 1887," Pimbi akasema kutoka ufani, "na barafu ikamrudisha." Hakuna aliyemjibu. Pimbi ana kawaida ya kukumbuka mambo wakati ambao hayatakiwi.

Ingeishia hapo. Utani mwingi huishia hapo: mmoja anasema, mwingine anarudisha, watu wanalala. Na Chui alikuwa na la kurudisha, tena jepesi, kwamba mtu aliyeanguka kijitoni asubuhi asimtume mwenzake mlimani jioni. Lakini Nyani alishadakia. "Twende na kamati," akasema, na neno hilo likishatamkwa, jambo la watu wawili huwa limekuwa la umma.

Kamati ikaundwa usikuusiku. Fisi mwenyekiti, kwa kuwa wazo ni lake. Kunguru katibu, kwa kuwa ana sauti. Nyani mweka hazina. Msiniulize kwa nini, hata kamati za watu nazo haziulizwi. Ikapitishwa kwamba Chui atapanda Kibo mbio, si kwa kutembea, maana kutembea hata Pofu anatembea. Ikapitishwa kwamba atarudi na kipande cha barafu mdomoni kiwe kidhibiti. Ikapitishwa pia kwamba kila mnyama wa msituni atachangia chochote kwa ajili ya mapokezi ya shujaa, na michango ianze kupokelewa mara moja, kabla shujaa hajawa shujaa.

"Barafu si itayeyuka mdomoni?" Pimbi akauliza.

Mwenyekiti akasema hoja ni nzuri na itajadiliwa kwenye mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo walikuwa wamekwisha kufunga kikao.

Usiku huo Chui hakulala. Hakuwa anaogopa mlima. Tuwe wa kweli, alikuwa bado hajaufikiria mlima. Alikuwa akifikiria uso wa Fisi. Alijilaza chini ya jabali akajaribu kulisema neno, polepole, bila mtu kusikia: sitaki. Lilikuwa neno fupi, lakini kila alipolifikisha kwenye ulimi liligeuka likawa siwezi, na hilo la pili hakuwa amewahi kulitamka tangu azaliwe. Katikati ya usiku akainuka akaenda alikolala Bi Pofu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuuliza njia?"

"Nimekuja kuuliza jambo. Nikisema sitaki, watafanya nini?"

"Watacheka."

"Mpaka lini?"

Bi Pofu akatafuna kidogo, akapiga hesabu. "Mpaka wapate kingine cha kuchekea. Nyani hakosi kuanguka. Siku tatu hivi."

Chui alikaa kimya muda mrefu. Siku tatu! Alijiona akiteremka msituni, Fisi yuko nyuma yake akiigiza kutetemeka, nyani wadogo wakiiga, wanawe wakiuliza. Alizipima siku hizo tatu upande mmoja, na mlima upande wa pili, akaona mlima ni mwepesi zaidi. Nimesikia wasimulizi wengine wakimlaumu hapa. Mimi simlaumu. Ninao marafiki waliouza shamba kugharimia harusi kwa sababu ya siku tatu kama hizo.

"Basi, kama utakwenda," Bi Pofu akasema, "nenda sasa hivi. Usiku changarawe yote imeganda, inashikana na mguu. Jua likiiwakia inalegea, ukipanda hatua mbili inakurudisha moja. Usikimbie. Sikiliza, mwanangu: usikimbie. Juu kule kila pumzi ina nusu tu ya oksijeni aliyoizoea mtu wa pwani, na mwili hauzoei kwa kulazimishwa, unazoea kwa kubembelezwa. Kichwa kikianza kukugonga, geuka. Usingoje kigonge mara ya pili."

Ulikuwa ushauri kamili. Waongozaji wa leo wanaowapeleka wageni kileleni hawana mwingine zaidi ya huo: huondoka karibu na usiku wa manane, na neno lao kwa kila mgeni ni polepole. Chui akamshukuru, akaenda kumwamsha Fisi ili aanze.

"Sasa hivi?" Fisi akapiga mwayo. "Nani atakuona? Na mgeni rasmi bado hajafika."

Kumbe kulikuwa na mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa Mzee Nyati. Alitarajiwa alfajiri, akafika jua limeshapanda, akiwa na wasaidizi wawili na ndege wake wa mgongoni. Kwanza akapewa chakula. Kisha katibu akasoma risala. Kisha Mzee Nyati akasimama, akasema hana mengi ya kusema, na wote waliowahi kumsikia wakatafuta mahali pa kukaa. Alizungumzia umuhimu wa michezo. Alizungumzia vijana wa zamani. Alimvika Chui kilemba cha ukoka kikubwa kiasi kwamba hata twiga kingemshinda: simba wa milima, fahari ya misitu, kijana asiyejua neno haiwezekani. Chui alikuwa amesimama mbele muda wote huo kwenye upepo, tumbo tupu, kwa maana kamati ilisema mkimbiaji asile kabla ya mbio. Alipopewa ruhusa ya kuondoka, jua lilikuwa utosini na mlima umeshaanza kulegea.

Akakimbia.

Ilikuwa mbio nzuri sana, na wote waliokuwapo wanakubaliana juu ya hilo. Alilikata lile jangwa kama mshale, vumbi likabaki nyuma limesimama peke yake. Chui ni mnyama wa mbio fupi. Ameumbwa amvizie mbawala, aruke, amalize. Kwa umbali wa kumfikia mbawala hakuna wa kumpata. Tatizo ni kwamba kutoka mguuni mwa Kibo, ambako leo kuna kibanda cha wapanda mlima kwenye mita 4,700 hivi, bado kuna karibu mita 1,000 za kwenda juu mpaka ukingo wa kreta, na karibu zote ni changarawe. Alianza kuzipanda kwa miruko. Kila mruko ukawa mfupi kuliko uliotangulia. Changarawe ikawa inateremka naye. Wakamwona amesimama, ameinamisha kichwa. Bi Pofu, ambaye hakuwa amekaa na wageni, akasema kwa sauti ndogo, "Geuka."

Na Chui aligeuza kichwa kweli. Alitazama chini, akawaona wote, nukta ndogondogo, zimemkodolea macho. Fisi akainua sauti akacheka. Sauti husafiri mbali mahali pasipo na miti.

Chui akaendelea kupanda. Alasiri wingu likapanda kutoka msituni, kama lipandavyo siku nyingi, likamfunika.

Kamati ikamtuma katibu akafuatilie. Kunguru akaruka mpaka kwenye wingu, akaona ndani kuna baridi, akarudi. "Anaendelea vizuri," akatangaza. Wakapiga makofi. Baada ya muda akatumwa tena, akazunguka nyuma ya jabali, akarudi. "Ameukaribia ukingo. Amenipungia mkia." Taarifa ya tatu aliitoa bila kuruka kabisa, akiwa na mfupa mdomoni, na ndiyo iliyoshangiliwa kuliko zote. Mapokezi ya shujaa yakaanza shujaa akiwa hayupo, kwa hoja kwamba chakula kitapoa.

Jua lilipozama Mzee Nyati alikumbuka kikao kingine. Nyani akamsindikiza ili kubeba mabaki. Fisi alikaa mpaka baridi ilipokuwa ya kweli, akasema anashuka kidogo kutafuta kuni, jambo lililomshangaza Pimbi, kwa kuwa fisi hawashi moto. Waliobaki ni wawili: Bi Pofu aliyeugeuzia upepo mgongo, na Pimbi ufani. Wakangoja usiku kucha, wakangoja na kesho yake yote. Changarawe iliganda, ikalegea, ikaganda tena. Hakuna aliyeteremka.

Kamati ikakutana msituni na kutoa uamuzi. Kwa kuwa Chui hakurudi, haikuthibitika kwamba hakufika. Na kwa kuwa haikuthibitika kwamba hakufika, anatangazwa mshindi. Katibu akasoma mapato na matumizi: mapaja ya swala yaliyochangwa, kumi na mawili, yaliyoliwa kwenye mapokezi, kumi na moja, lililoharibika katika uhifadhi, moja. Mweka hazina akajifuta mdomo. Hesabu zikapita.

Ukaja msiba. Hawakuwa na maiti, lakini matanga yaliwekwa, na watani wakaja kama ada inavyotaka. Fisi aliingia amejifunga majani kiunoni, akapanda juu ya mwamba alioupenda marehemu, akajilamba kama marehemu, akaruka kijito cha mawazo mara mbili, kisha akasimama katikati ya waombolezaji akatetemeka. Mara moja tu, tena kidogo. Alikuwa mwigizaji hodari. Watu walicheka kabla hawajakumbuka kuwa wamekuja kulia. Akasema haondoki mpaka apewe haki yake ya mtani.

Mjane akatoka ndani. Alikuwa na watoto wawili, na paja moja la mbawala, ambalo mumewe alilitundika mtini kabla ya safari. Akalileta. Kabla ya kumkabidhi akauliza, si kwa ukali, "Shemeji, nani alimwambia hawezi?"

Nyani akatazama Kunguru. Kunguru akatazama juu. Pimbi akafungua mdomo, na watu wanne wakakohoa kwa pamoja.

"Aa, shemeji," Fisi akasema, akilipokea paja, "si ulikuwa utani tu."

Na kisheria alikuwa sahihi. Mtani hadaiwi fidia, hashtakiwi, wala haombwi radhi. Mjane alikwenda barazani hata hivyo. Wazee wakamsikiliza, wakampa pole, wakamkumbusha lile paja la kwanza la swala na babu wale wawili, wakamwuliza kama anataka kuvirudisha vita. Akasema hataki vita, alitaka tu jina la mtu liandikwe mahali. Baraza likasema halina kitabu cha aina hiyo.

Miaka ikapita. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, ambaye kreta ya Kibo ina jina lake hadi leo, alikuwa akipanda mlima ule kama alivyofanya mara nyingi, akamkuta chui amekauka kwenye ukingo wa kreta, juu ya mita 5,500. Baridi na ukavu wa kule vilikuwa vimemhifadhi. Mchungaji akamkata sikio, akaondoka nalo liwe ushahidi.

Kwa hiyo alifika. Wenye kuipenda kamati wanaweza kusema uamuzi wake ulikuwa sahihi. Kidhibiti nacho kilipatikana, isipokuwa alikichukua mtu mwingine, na hakikuwa cha barafu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1936, Ernest Hemingway alimweka chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake mashuhuri ya theluji ya Kilimanjaro, akasema hakuna aliyeeleza mnyama yule alikuwa akitafuta nini mahali pale. Hakumwuliza Pimbi. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza, Wilfred Thesiger, alipokaribia kilele aliwakuta mbwa mwitu watano. Nilipomhadithia mzee mmoja wa Marangu habari ya mbwa hao hakushangaa. Akasema mbwa mwitu hutembea wote, na anayechoka hungojwa.

Barafu yenyewe imekonda. Ukichukua yote iliyokuwa imeifunika Kibo mwaka 1912, kufikia mwaka 2007 karibu asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Habari hizo zilimfikia Fisi wa siku hizi, mjukuu wa yule, naye akaona zina faida. Kipupwe hiki alipanda mpaka alipokaa Chui kijana msituni, akabisha hodi, akasifu ngozi, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema kwa masikitiko kwamba barafu ya mlimani inakwisha na anayetaka kuigusa ni sasa, ila bahati mbaya vijana wa leo hawana miguu ya babu zao.

Kunguru walikuwa tayari wamekaa tawini na kalamu.

Chui kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsogezea njia. "Tangulia, mtani," akasema. "Nitakufuata."

Fisi akasema hakuna shida, yuko tayari kabisa, ampe dakika moja tu. Hadi tunakwenda mitamboni, alikuwa bado anapasha misuli.